Presha ya mapafu: muulizeni mgonjwa habari za vidole vyake na za ukoo wake

Kwa Mhariri,

Ile makala yenu ya presha iliyotoka juzi nimeisoma yote hadi mwisho, nikaikata nikaiweka, imeeleza vizuri mambo ya chumvi na uzito na kutembea na kupima mkono mara kwa mara, sina ubishi na hayo hata kidogo. Lakini kuna presha nyingine haikutajwa hata mstari mmoja na hiyo ndiyo imeingia kwetu nyumbani, presha ya mapafu. Nimesema wacha niandike manake najua kuna watu huku kwetu Kisumu, na Nakuru, na Kakamega, na kule juu Molo, wanahema wakipanda kilima kidogo tu na wanaambiwa presha yao iko sawa, kwa sababu ile iliyopimwa ni ya mkono.

Hizi ni presha mbili tofauti kabisa. Moyo uko na pande mbili, wa kushoto unasukuma damu iende mwili mzima na hiyo ndiyo inasomwa mkononi 120 kwa 80, wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni peke yake ikachukue oksijeni, na kazi ya upande huo kwa kawaida ni nyepesi kwa sababu mishipa ya mapafu ni milaini, presha yake kwa mtu mzima aliyepumzika ni kama 14 hivi kwa wastani. Ikipita 20 hapo madaktari wanasema kuna shida. Zamani mpaka ulikuwa 25, uliwekwa kwenye mkutano wa WHO kule Geneva 1973 na ukakaa hivyo miaka mingi mpaka wataalamu walipokutana 2018 wakasema ushuke, na miongozo ya Ulaya ya 2022 ikaufuata. Sasa hii mashine ya kufunga mkono haiwezi kuisoma presha hiyo, haiwezi kabisa, mtu anaweza kuwa na 110 kwa 70 mkononi, nesi akamwambia hongera mama, na huku upande wa kulia wa moyo wake unasukuma damu kwa shida mpaka umepanuka.

Mdogo wangu ameolewa Njoro, na wanaojua Njoro wanajua baridi ya asubuhi ya huko. Kazi yake ilikuwa kukamua na kuosha mikebe ya maziwa kabla pikipiki ya maziwa haijapita. Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa vidole. Akishika maji baridi vidole viwili vitatu vinageuka vyeupe pe kuanzia kwa ncha, ukimgeuza kiganja unaona kabisa mpaka ule weupe unapoishia, halafu vinakuwa vya bluu, halafu damu ikirudi vinakuwa vyekundu na vinawaka kwa maumivu hadi anavishika kwapani. Kila mtu pale akasema ni baridi ya Njoro. Baadaye ngozi ya vidole ikaanza kukaza na kung'aa, pete ya ndoa ikakwama ikabidi ikatwe na fundi, mdomo ukawa haufunguki vizuri hata tonge la ugali analimega dogo dogo, na akila kiungulia kinampanda usiku kucha. Kuhema ndiko kulikuja mwisho, kwanza kwa kilima, halafu hata kwa njia tambarare, halafu akitandika kitanda tu anakaa chini.

Alipita kliniki na hospitali kadhaa na sitataja hata moja, nia yangu si kumchafulia mtu jina. Akapewa inhela ya pumu. Akapewa dawa ya kiungulia. Akaambiwa ni damu kidogo, akaambiwa ni mawazo ya nyumbani apunguze, akapigwa eksirei akaambiwa ni safi. Yaani ngozi ilipelekwa kwa mtu wa ngozi na tumbo likapelekwa kwa mtu wa tumbo na pumzi ikapelekwa kwa mtu wa pumzi, na hakuna hata mmoja aliyeshika mkono wake akauangalia. Siku alipozimia akiwa amebeba ndoo, akapelekwa mahali, akakutana na daktari msichana mdogo tu, sidhani alikuwa amemaliza hata miaka mitatu kazini, na yule binti akamuuliza maswali mawili, mama vidole vyako hubadilika rangi ukishika maji baridi, na je kwenu kuna mtu alikuwa anahema hivi akafa mapema. Maswali mawili tu hayo, hayana gharama, hayahitaji stima wala mashine. La kwanza ndilo lilifungua kila kitu.

Eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikapigwa, karatasi ikaandika upande wa kulia wa moyo umepanuka na presha ya mapafu inakisiwa kuwa juu sana. Eko inakisia tu, hiyo watu wajue, ndiyo ya kuanza nayo na ni nzuri lakini kupima kamili ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa mpaka upande wa kulia wa moyo, na mrija huo ndio unasoma namba yenyewe. Mdogo wangu aliogopa sana kusikia hivyo, nikamtafutia habari zake nikamwambia Mjerumani mmoja Werner Forssmann alijiingizia mrija wa aina hiyo yeye mwenyewe mwaka wa 1929, akatembea nao mpaka chumba cha eksirei kujipiga picha, na baadaye 1956 akapata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, na leo ni kitu kinafanywa na unarudi kwako. Basi akakubali. Kwa mrija huo ikathibitishwa.

Ugonjwa ulioleta yote hayo unaitwa skleroderma. Ni katika yale magonjwa ambapo kinga ya mwili inageukia mwili wenyewe badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia mishipa midogo midogo na ngozi na viungo vya ndani, ngozi inakaza, koo la chakula linakosa nguvu, na kwa wengine mishipa ya mapafu kuta zake zinanenepa kwa ndani hadi njia ya damu inabaki nyembamba mno. Kati ya watu 100 wenye skleroderma, 8 mpaka 12 watapata presha ya mapafu, na mara nyingi ni wale ambao ugonjwa wao ulikuja polepole, wenye vidole vya kubadilika rangi kwa miaka mingi na ngozi iliyokaza mikononi na usoni tu, hivi kwamba watu wanaona kama si ugonjwa mkubwa. Kwa sababu hiyo miongozo inataka kila mwenye skleroderma apigwe eko kila mwaka hata kama anajisikia vizuri. Kila mwaka. Nataka mnielewe hapo, presha hii inajificha, moyo unavumilia muda mrefu kabla mtu hajaanza kuhema, na hata nchi tajiri zenye kila mashine mgonjwa anachukua kwa wastani zaidi ya miaka 2 tangu dalili zianze mpaka ugonjwa ujulikane.

Skleroderma haiko peke yake. Lupus, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili, nayo inaweza kuleta presha ya mapafu, na kuna ugonjwa mwingine unaochanganya dalili za lupus na skleroderma na za misuli, na ule wa Sjögren unaokausha macho na mdomo. Na hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza na ndilo linanifanya nisisitize kwamba jina la ugonjwa lijulikane, si kutibu kuhema tu. Mwenye lupus akipata presha ya mapafu, dawa za kutuliza kinga kama steroidi na saiklofosfamaidi zinaweza kuishusha, wengine wanapata nafuu kubwa, lakini mwenye skleroderma dawa hizo hizo haziisaidii ile presha ya mapafu, anahitaji dawa za mishipa yenyewe. Sasa ukikosa kujua ni ipi kati ya hizo mbili utampa mtu steroidi miezi na miezi bure, na kwa skleroderma steroidi za dozi kubwa zinaweza hata kuharibu figo.

Jambo la kinga linakwenda mbali zaidi ya hapo. Hata wale ambao hawana lupus wala skleroderma wala chochote kinachojulikana, wale ambao karatasi yao inaandikwa sababu haijulikani, baadhi yao wakipimwa damu wanakutwa na kingamwili za kushambulia mwili wenyewe, na mapafu yakiangaliwa kwa hadubini seli za kinga zinaonekana zimezunguka ile mishipa iliyonenepa. Kwa hiyo watafiti wanaona kinga ina mkono wake hata pale ambapo haina jina.

Swali la pili la yule daktari, la ukoo, kwetu halikutoa kitu. Lakini kwenye foleni ya eko tulikaa na mama mmoja kutoka pande za Kakamega, amekuja na binti yake wa miaka ishirini na kitu, binti midomo imekuwa ya bluu bluu, miguu imevimba, mshipa wa shingo unaonekana ukicheza. Yule mama akatuambia dada yake mkubwa alikufa hivyo hivyo baada ya kujifungua, na shangazi ya mama yao pia, mwanamke mchanga, na nyumbani wameshagawanyika, wengine wanasema wamerogwa, wengine wanataka kitambiko. Huku kwetu ziwani wangesema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mimi sikuwa na la kumwambia siku hiyo ila kumpa pole, lakini maneno yake sikuyaacha, nikaanza kuuliza na kusoma.

Na kumbe jambo hili la kurithiwa linajulikana miaka mingi. Mjerumani Ernst von Romberg aliandika juu ya mishipa ya mapafu iliyokaza bila sababu ya kuonekana mwaka wa 1891 baada ya kupasua maiti. Mwaka wa 1954 daktari wa Marekani, Dresdale, akaandika juu ya familia ambayo ndugu zaidi ya mmoja walikuwa na ugonjwa huo. Halafu mwaka wa 2000 vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja kivyake, vikapata jeni yenyewe, yaani kile kipande cha urithi kinachoharibika, inaitwa BMPR2, iko kwenye kromosomu ya 2. Katika familia zenye ugonjwa huu wa kurithi, 70 hadi 80 kati ya 100 shida iko kwa jeni hiyo, na hata kati ya wale wanaodhaniwa hawana historia ya ukoo, 10 mpaka 20 kati ya 100 wanakutwa nayo.

Kazi ya BMPR2 ni kuzuia. Inatengeneza protini inayokaa kwenye ukuta wa seli za mishipa na kuziambia seli hizo sasa inatosha, acheni kuongezeka. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na ikiharibika moja mtu anakuwa kama lori linaloteremka ule mteremko wa Salgaa na breki nusu, linaweza kufika salama, wengi wanafika salama, lakini likipata mzigo wa ziada au mvua hapo ndipo shida inaanza. Mzigo huo wa ziada unaweza kuwa ni kinga iliyowaka, uvimbe wa ndani unaotokana na maambukizi, dawa fulani, au ni jeni nyingine. Hapa ndipo mambo ya ukoo na mambo ya kinga yanakutana na ndiyo maana nimeyaweka kwenye barua moja.

Na kwa vile wengi wanafika salama, ugonjwa unaruka ruka. Mtoto wa mwenye jeni mbovu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe msichana awe mvulana. Lakini kati ya walioirithi, wanawake wanaougua maishani ni kama 42 kwa 100 na wanaume ni kama 14 kwa 100. Hebu fikirieni hesabu hiyo ikiingia kwa boma la huku kwetu. Mzee anayo jeni, yuko na afya, analima, anakufa na uzee wake. Binti zake wawili wanakufa vijana. Nani analaumiwa? Analaumiwa mama, yeye ndiye aliyeolewa kutoka mbali, damu yake ndiyo mbaya, wanawe ndio wanakufa, au ataambiwa alivunja mwiko fulani. Na mwana wa kiume mwenye afya anaoa na kuipeleka jeni hiyo kwa nyumba nyingine bila kujua, kisha mjukuu wa kike akianza kuzimia shuleni wanasema amefanana na bibi upande wa mama. Nimeona wanawake wakifukuzwa kwa mambo madogo kuliko haya. Mtu yeyote mwenye ukoo ambao wanawake wachanga wanahema na kuzimia na kufa, hasa wakati wa uzazi, naomba asiende kutafuta mkosaji, ahesabu kwanza, aandike jina kwa jina nani alikufa na umri gani na alikuwa anasikia nini, pande zote mbili za baba na mama, hiyo karatasi apeleke kwa daktari.

Na asisahau kuandika nani hutokwa na damu puani kila mara. Hilo nalo lina maana, kuna jeni nyingine mbili, ACVRL1 na ENG, zinazoleta ugonjwa wa mishipa unaotoa damu puani na vidoa vyekundu midomoni, na baadhi ya watu hao hupata presha ya mapafu pia. Kuna na ile EIF2AK4 iliyojulikana 2014, hiyo inaziba mishipa midogo ya kurudisha damu kutoka mapafuni, mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama wote wawili ndipo augue, kwa hiyo inaonekana zaidi pale watu wa damu moja wameoana, na mgonjwa wa aina hiyo akipewa dawa za kawaida za presha ya mapafu anaweza kujaa maji mapafuni. Daktari anahitaji kujua hayo kabla ya kuandika dawa.

Mtanisamehe nikiongeza kidogo manake huku kwetu kuna njia nyingi za kufika kwa ugonjwa huu, ziwa lenyewe ni mojawapo. Kichocho, ile aina ya tumbo inayopatikana kando ya Ziwa Victoria, ikikaa mwilini miaka mingi hadi ini likaathirika, mayai ya minyoo hufika mapafuni, kinga inapigana nayo pale pale kwenye mishipa na mishipa inanenepa, tena ni kinga hiyo hiyo. Selimundu, yaani sickle cell, ambayo iko kwa nyumba nyingi za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia, huleta presha ya mapafu kwa watu wazima 6 mpaka 10 kati ya 100 waliopimwa kwa mrija. Virusi vya UKIMWI, takriban mtu 1 kwa kila 200. Watu walio na valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi wakiwa watoto, hao nao ni wengi na presha yao inatoka upande wa kushoto wa moyo. Na watafiti kule Eldoret wameandika juu ya wanawake wa magharibi mwa Kenya ambao upande wa kulia wa moyo pekee ndio umechoka, jambo ambalo linawafanya watazame moshi wa kuni na mapafu. Kila njia ina tiba yake tofauti ndiyo maana lazima iulizwe ni ipi.

Mwinuko nao. Njoro na Nakuru mjini ni kuanzia kama mita 1,850 juu ya bahari na kwenda juu, Kisumu ni kama mita 1,130. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo na mishipa ya mapafu hujikaza ikikosa oksijeni. Mdogo wangu akija kwangu Nyalenda anapumua vizuri zaidi, na vidole havimsumbui kwa sababu ya joto. Mume wake, shemeji yangu, ni mtu mzuri na amekubali akae kwangu miezi ya baridi, watoto wanakuja wakifunga shule.

Sasa dawa, manake kuna watu watasoma haya na kwenda moja kwa moja duka la dawa. Msiende. Dawa za presha ya kawaida haziishushi presha ya mapafu kwa wengi wa wagonjwa hawa, zinashusha ya mkono tu na mtu anaanguka. Moja inayotumika sana ni sildenafili, ndiyo hiyo hiyo iliyo ndani ya Viagra, Marekani iliidhinisha itumike kwa presha ya mapafu mwaka wa 2005, miligramu 20 mara tatu kwa siku. Mdogo wangu akienda kuinunua duka moja hapa mjini muuzaji akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza ni ya nani, akacheka na mwenzake mbele ya foleni. Mgonjwa wa moyo, mama wa watoto, ana karatasi ya daktari mkononi. Alitoka bila dawa na hakutaka kurudi. Nawaomba wenye maduka ya dawa mwafundishe watu wenu, dawa hii kuna wanawake na hata watoto wanaishi kwa sababu yake. Na wewe unayehema usiinunue kwa kukisia, kama shida yako inatoka upande wa kushoto wa moyo inaweza kukuumiza, na ukiichanganya na dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti presha inashuka ghafla mpaka kufa.

Miaka ya themanini Marekani, kabla dawa hizi hazijakuwepo, nusu ya wagonjwa wa aina ile isiyojulikana sababu walikuwa wamekufa ndani ya miaka 2.8 tangu kupimwa. Dawa ya kwanza, epoprostenoli, ilikuja 1995 na ni ya kudondoshewa mshipani usiku na mchana, ikafuata bosentani ya kumeza 2001, na nyingine baadaye. Mwaka wa 2024 mwezi wa Machi Marekani ikaidhinisha sotatasepti, sindano ya kila wiki tatu, na matumizi yake kwa ugonjwa huu yametokana na kuielewa ile jeni ya mwaka wa 2000, inajaribu kurudisha usawa pale BMPR2 iliposhindwa kuzuia. Miaka 24 kutoka jeni hadi sindano. Kufika huku kwetu ni jambo lingine na bei yake hata sitaki kuitaja kwa mtu anayetafuta pesa ya eko, lakini nasema ili familia zenye ugonjwa huu zijue kwamba hawajasahaulika na watu wa sayansi.

Jambo la mimba lazima niliseme waziwazi. Mwanamke mwenye presha ya mapafu akishika mimba maisha yake yako hatarini sana, hasa wiki za mwisho na siku za kwanza baada ya kujifungua, na bosentani inaweza kumharibu mtoto tumboni. Wasichana hawa wanahitaji kuelezwa mapema njia za kupanga uzazi, na mama mkwe na mume waelezwe pamoja naye, si mgonjwa peke yake aachwe kubeba maneno ya ukoo mzima kwamba hataki kuzaa.

Ninachoomba kwa serikali za kaunti, Kisumu na Nakuru na Kakamega na majirani, ni kitu cha kawaida. Kila mtu mwenye skleroderma, lupus, au selimundu ya mtu mzima anayehema, apigwe eko kwa ratiba, pale JOOTRH, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, pale hospitali ya Level 5 ya Nakuru, bila kusubiri azimie, na SHA, bima ya afya ya serikali, ilipe hiyo eko kama inavyolipa mambo mengine, tuliambiwa ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ili mtu asiuze ng'ombe kwa ajili ya kipimo. Wataalamu wa magonjwa haya ya kinga wengi wako Nairobi, basi wawe na siku ya kuja huku, hata mara moja kwa mwezi. Wahudumu wa afya ya jamii ambao wanapita nyumba kwa nyumba na mashine za presha waongezewe maswali yale mawili kwenye fomu yao, la vidole na la ukoo.

Binti ya mdogo wangu sasa ameanza kuuliza kama na yeye atapata. Daktari amemwambia skleroderma hairithiwi kama ile BMPR2, ndugu wa karibu wana hatari zaidi kidogo kuliko watu wengine lakini bado ni chini ya 2 kwa 100, na aje tu kama vidole vitaanza kubadilika rangi. Amelala vizuri tangu siku hiyo. Yule binti wa Kakamega hana jibu kama hilo, ana wadogo zake watatu na kila mmoja huenda anayo jeni hiyo huenda hana, na yeye mgonjwa akikutwa nayo kwanza, kipimo cha damu cha jeni ndicho kinaweza kuwatenganisha, atakayekutwa hana aende zake na amani, atakayekutwa nayo apigwe eko kila mwaka.

Kwa hiyo Mhariri nauliza kupitia gazeti lako, na naomba daktari wa moyo au wa mapafu anayesoma ajibu kwenye ukurasa wenu wa afya: mtu wa huku magharibi damu yake ya kupimwa BMPR2 anaipeleka hospitali gani, inachukua muda gani, na ni shilingi ngapi? Yule mama nilibaki na namba yake ya simu, jibu likitoka nitampigia siku hiyo hiyo.

Wako msomaji,
Dada ya mgonjwa,
Nyalenda, Kisumu.